Tuta la Mgonjwa

Kama umepewa kopo lenye kifuniko na kuambiwa usiteme mate popote ila humo, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako. Sitakueleza kifua kikuu ni nini. Daktari atakueleza, na ukiwa kama mimi hutasikia hata nusu ya maneno yake. Nitakueleza yale ambayo mimi sikuelezwa: kwamba kopo linazoeleka, kwamba sindano huuma zaidi siku uliyoiwazia tangu alfajiri, na kwamba kulala kitandani ni kazi ngumu ukijua kuna mtu mahali fulani anakungoja upone.

Aliyekuwa akiningoja mimi aliitwa Nkwabi, na alikuwa akiningojea mahabusu.

Nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo na shahada yangu ya sheria, nimeajiriwa katika ofisi ya wakili wa Kihindi mjini Shinyanga, Bwana Jivan. Mwafrika mwenye joho la wakili alikuwa kitu kigeni siku hizo. Watu wasio na kesi yoyote walikuja mahakamani kunitazama tu, wakasimama madirishani wakiulizana kama kweli ni mtoto wa hapo kijijini Didia. Nkwabi alinichagua kwa sababu moja: nilijua Kisukuma. Alitaka kusema mambo yake bila kupitia midomo mitatu.

Mambo yake yalikuwa hivi. Alikuwa mfugaji karibu na Maganzo, huko ambako ardhi ina almasi na sheria inamkataza mtu wa kawaida kuwa nayo. Ng'ombe wake walikuwa wakiharibu mimba, naye akachukua kuku kutoka bandani kwake akampelekea mganga, Mzee Luhende, ili ampasulie atazame ndani, kama ilivyo desturi kwetu. Kuku alipopasuliwa, ndani ya firigisi, katikati ya mchanga na punje za mtama, kulikuwa na kijiwe kinachong'aa. Kuku wa Maganzo hudonoa kila kitu. Mzee Luhende akasema hilo ni neno la mizimu, lisitupwe, likae katika kibanda cha mizimu pamoja na manyoya ya kuku yule hadi tambiko lijalo. Nkwabi akafanya hivyo. Mwezi haukuisha askari wakaja, jiwe likaonekana, na Nkwabi akashtakiwa kwa kuwa na almasi kinyume cha sheria. Dhamana alinyimwa. Hakimu, Mwingereza, alisema Maganzo iko karibu mno na mgodi.

Siku ya kwanza ya kusikilizwa niliinuka kumhoji askari, nikakohoa, nikaweka leso mdomoni, na niliposhusha mkono nikaona nyekundu. Naikumbuka fikra yangu ya kwanza, na sijivunii: nilijiuliza kama hakimu ameona. Ya pili ilikuwa joho, kwamba ni la kuazima. Nkwabi alikuja katika fikra ya tatu, au ya nne. Nimehesabu mpangilio huo mara nyingi kitandani, nikijaribu kumpandisha juu kidogo, lakini hapandi.

Niliomba kesi iahirishwe hadi wiki inayofuata. Niliamini kabisa ni wiki moja tu.

Pale Kolandoto, hospitali ya wamisheni, wagonjwa wa kifua tulikaa kwenye benchi letu peke yetu, upande wa upepo. Ukikaa benchi lile utajifunza kutazama ardhi, maana kila anayepita anakupa nafasi pana kuliko unayoihitaji. Dada yangu Kabula alinisindikiza. Alikuwa na mtoto mgongoni, nami nikamwomba akae mbali. Alikataa. Nikahamia mwisho wa benchi, naye akahamia. Mwishowe nikamwambia kwa ukali kwamba kama mwanawe ataugua itakuwa juu yangu, basi akainuka, akaenda kusimama juani, akanitazama kutoka huko kama mtu aliyefukuzwa. Hivyo ndivyo ugonjwa huu unavyoanza kugawa watu, kabla haujamwua yeyote. Naandika ili usishangae.

Daktari, Mzungu mrefu aliyesema Kisukuma cha kusikilizika, aliniambia nitalala miezi, si wiki. Nikamwambia nina kesi. Akasema kesi itasubiri. Alisema kweli. Kesi haina tumbo wala watoto, inaweza kusubiri. Akaandika barua kwa mahakama, akaipiga muhuri, nami nikajiona nimetia sahihi kifungo cha mtu.

Bwana Jivan ndiye aliyeipeleka. Alikuja jioni kunieleza, akasimama nje ya dirisha la wodi na kofia yake kifuani. Mwendesha mashtaka hakupinga. Angepinga kwa nini, mshtakiwa alikuwa ndani. Hakimu alisoma barua, akasema amesikitika, akapanga tarehe mpya. Kisha Bwana Jivan akajitolea kuichukua kesi mwenyewe, na ningepaswa kufurahi. Lakini Kisukuma chake kilikuwa cha kununulia pamba, na habari ya kuku na mizimu ilimchekesha kidogo, ingawa alijizuia. Nilimwambia amuulize Nkwabi mwenyewe. Nilimsihi aulize kwa uwazi: wakili wako anaumwa, hatujui hadi lini, huyu hapa mwingine yuko tayari sasa hivi.

Siku chache baadaye akarudi dirishani.

"Amekataa," akasema. "Nimeuliza mara mbili, na mkalimani akauliza tena. Anasema atasubiri."

"Alisema kwa nini?"

"Hakusema. Aliuliza unakula nini."

Usiku na mchana niliipindua habari hiyo. Labda hakuelewa. Labda mkalimani aliuliza vibaya. Labda aliniamini, na hilo lilikuwa baya kuliko yote, maana aliamini mtu asiyeweza kutembea hadi chooni bila kushika ukuta.

Sindano ilikuwa kila siku asubuhi, kwenye makalio, zamu kulia, zamu kushoto, mpaka pande zote zikawa ngumu kama ngozi ya ngoma. Baada yake ulikuja unga mchungu ndani ya vidonge vikubwa ambavyo ungedhani vimetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Ushauri wangu: meza na uji wa baridi, usimeze na chai. Nilikonda mpaka saa yangu ikawa inapanda hadi kwenye kiwiko. Kisha masikio yakaanza kulia, hasa la kushoto, sauti nyembamba kama nyenje wa kiangazi, na nilipoinuka sakafu iliinama. Daktari alisema ni dawa. Alipunguza kidogo, lakini nyenje hakuondoka, na yupo hadi leo ninapoandika.

Kitanda cha jirani alilala Bakari, mtu wa Ujiji aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika mgodi wa dhahabu kule Geita. Kifua chake kilikuwa na vumbi la mawe juu ya ugonjwa wetu wa kawaida, akahema kama mvukuto. Lakini ulimi wake ulikuwa mzima. Alipojua habari zangu akanibandika jina.

"Bwana Ahirisho," aliniita kila alfajiri, "umeamka, au tupange tarehe nyingine?"

Wodi nzima ikanishika kwa jina hilo. Mwanzoni liliniuma. Baadaye nililingojea, na siku ambazo pumzi ilimkatalia kulisema nilihisi asubuhi haijaanza. Ndugu zake walikuja na lori wakamchukua kwenda kwao, kwa sababu alitaka kuona ziwa lake. Alinipungia mkono akiwa amelala juu ya magunia. Sijasikia habari zake tena na sijathubutu kuuliza.

Mvua zikaanza. Kutoka barazani, walikotulaza ili tupate hewa, niliona watu wakilima, mistari ya migongo ikiinuka na kushuka pamoja, kiongozi wao akiimba. Tarehe ya pili ya kesi ilifika nikiwa bado siwezi kusimama. Barua nyingine ikaandikwa, na ahirisho jingine likatolewa. Bwana Jivan aliniambia safari hii hakimu aligeuka akamuuliza Nkwabi mwenyewe kama anaelewa kwamba anaweza kutafuta wakili mwingine. Nkwabi akajibu kwamba anaelewa. Hakimu akayaandika.

Mke wake, Mama Milembe, alikuja hospitali wakati mtama ulipofika magotini. Nilimwona kwa mbali akija na kibuyu cha maziwa kichwani, nikajifunika shuka usoni kama mtoto. Nilikuwa nimekwisha kutunga majibu ya lawama zake zote. Aliweka kibuyu, akakaa chini, akaniuliza mhola, nikamwambia mhola duhu, yaani ni kwema tu, jibu ambalo sisi Wasukuma tunalitoa hata nyumba ikiungua. Kisha akanieleza habari za mvua. Akanieleza kwamba majirani wamemlimia. Akanieleza kwamba ng'ombe mmoja amezaa salama. Hakusema lolote juu ya kesi, na kwa sababu hakusema, nami sikuweza kuomba msamaha. Alipokuwa anaondoka akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba Mzee Luhende amefariki. Aliugua homa siku chache, wakamzika.

Mzee Luhende ndiye aliyekuwa shahidi wangu. Ndiye aliyempasua kuku. Kama kesi ingesikilizwa siku yake, angesimama na kusema. Maziwa yale niliyanywa, kwa kuwa daktari aliamuru ninywe, na kila funda lilipita kooni kama deni.

Mama yangu naye alikuja kutoka Didia siku ileile, akakutana na Mama Milembe getini. Alinitazama mikono, akageuka upande. Hakulia mbele yangu, alilia kwa kunilaumu. Kwa nini nilikwenda kuishi kwenye baridi ya Wazungu, kwa nini sikuoa, kwa nini sina shamba.

"Shamba la nini, Mama? Mimi ni wakili."

"Baba yako alipougua," akasema, "watu walikuja wakatulimia. Wakalima lote, wakamwachia tuta moja katikati, la kwake, aje alimalize atakapoinuka. Mgonjwa hanyang'anywi jembe, Shija. Ukimlimia lote umemwambia hatainuka."

Nililikumbuka tuta lile. Baba hakuinuka, na majani yaliota juu yake, na hakuna mtu aliyethubutu kuligusa mpaka miaka mingi ikapita.

"Sasa wewe," akaendelea, "watakuachia tuta wapi? Huna hata pa kuachiwa."

Nilidhani ni maneno ya mama aliyechoka. Nilimtuliza, nikabadilisha mazungumzo. Mimi ni mtu wa kufikiri kila jambo mara kumi, na lile sikulifikiri hata mara moja.

Pamba ilipoanza kupasuka nilipata ruhusa ya kutembea hadi kwenye geti. Ilipoanza kuchumwa, makohozi yangu yalipimwa na hayakuonekana na kitu, yakapimwa tena, hayakuonekana na kitu. Nilikuwa nimenenepa usoni. Kabula alikuja kunichukua, safari hii akaniwekea mtoto mapajani bila kuniuliza. Nikabana pumzi. Nilibana pumzi njia nzima, nikivuta kidogo kidogo nikiwa nimegeuza uso, mpaka akaniambia nitamwangusha mtoto kwa kuzimia. Hofu hii itakuja kwako pia. Daktari atakuambia hakuna hatari tena, nawe utaendelea kugeuza uso. Ni sawa. Inapungua.

Nilikwenda mahabusu kumwona Nkwabi kabla ya tarehe. Nilikuwa nimeandaa maneno. Alikuwa amekonda kuliko mimi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla sijafungua mdomo akaniambia nimenenepa, akacheka kwa furaha ya kweli. Maneno yangu yakapotea. Tukazungumza habari za kesi tu.

Kitandani nilikuwa nimeisikiliza kesi ile mara nyingi mno. Kila siku baada ya sindano, kwa kuwa huwezi kukalia makalio wala kulala chali, nilijilaza ubavu nikamhoji askari yule akilini. Kwanza nilimhoji kwa Kiingereza na hoja za vitabuni. Baada ya miezi hoja zikaisha, nikabaki naye tu, mtu wa kwetu, Koplo Sayi, amesimama mbele ya kibanda cha mizimu cha mtu mwingine. Ndipo nikaona kwamba sijui jambo moja dogo: ni mkono wa nani ulioingia.

Siku ya kesi chumba kilijaa. Nilisimama nimeshika meza kwa sababu sakafu bado ilikuwa ikiinama. Nilimuuliza koplo jiwe alilikuta wapi. Akasema ndani ya kibanda, mlangoni, juu ya manyoya ya kuku, halikufunikwa. Nikamuuliza kwao ni wapi. Akasema Kishapu. Nikamuuliza kama kwao kuna kibanda kama kile. Akamtazama mwendesha mashtaka kwanza, kisha akasema kipo, cha babu yake.

"Kitu kikishawekwa humo, hutolewa kikauzwa?"

Alijibu kwa sauti ndogo, upande wa sikio langu bovu.

"Sikusikia," nikasema. "Rudia."

"Hakiuzwi."

"Bado sikusikia."

Watu wakaguna kwa furaha, wakidhani ni ujanja wa mawakili. Wallahi sikuwa nimesikia. Akarudia kwa sauti kubwa kwamba hakiuzwi, na mkalimani akaitafsiri kwa hakimu.

"Siku ile, nani aliingiza mkono akalitoa lile jiwe?"

Akamtazama tena mwendesha mashtaka. Hakimu akamwambia ajibu.

"Nilimwamuru mshtakiwa alitoe."

"Ulikuwa askari, umekuja kupekua. Kwa nini hukulitoa mwenyewe?"

"Niliogopa," akasema Koplo Sayi.

Hakuna aliyecheka. Nadhani kila Msukuma mle ndani alijiona amesimama pale naye. Nikamweleza hakimu kwamba mara ya kwanza mshtakiwa kulishika jiwe lile tangu aliweke mbele ya wazee wake ilikuwa kwa amri ya polisi, na kwamba polisi mwenyewe, mwenye bunduki na sare ya serikali, alijua ni kitu cha mizimu kisichouzwa, si mali ya mshtakiwa. Nikakaa, maana miguu ilikuwa imekwisha. Hakimu alitoka, akarudi, akamwachilia Nkwabi. Jiwe likabaki mali ya serikali.

Nje watu walimbeba. Nilisubiri wamshushe, nikamvuta kando, na sasa maneno yakatoka yote bila mpango: kwamba swali lile Bwana Jivan naye angeweza kuliuliza kama ningemwelekeza, kwamba angetoka kabla ya mvua, kwamba Mzee Luhende amekufa akiningoja mimi, kwamba sielewi kwa nini alikataa wakili mzima akang'ang'ania mgonjwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bwana Jivan ni mtu mwema," akasema. "Lakini walipokuja kuniuliza, walikuwa wanataka nikunyang'anye jembe. Wewe huna shamba, Wakili. Hilo nililijua tangu mwanzo, na mama yako akamwambia mke wangu vilevile pale hospitali. Una kesi tu. Ningempa mtu mwingine, ungeinukia nini?"

Miezi yote ile nilidhani yeye ndiye anayeningoja nimwokoe.

Nilikwenda naye kwao, Bwana Jivan akatupeleka na gari lake. Mtama ulikuwa umevunwa, mabua yamesimama makavu. Katikati ya shamba kulikuwa na tuta moja lililoachwa, limejaa majani yaliyokauka. Mama Milembe alimkabidhi mumewe jembe hata kabla hajanywa maji. Nilivua koti, nikamwomba anipe angalau nusu, nusu ile tu.

"Hili langu," akasema. "La kwako umeshalima leo."

Basi nikakaa pembeni juu ya mabua, na Mama Milembe akaniletea maziwa, nami nikamtazama Nkwabi akilima. Wakati wa mvua udongo ule ni laini, jembe huingia bila sauti. Sasa ulikuwa umekauka kama tofali. Kila alipopiga, jembe lililia na vipande vikaruka, naye akasimama kuvuta pumzi, mtu aliyekaa mahabusu muda mrefu, kisha akapiga tena. Nilitaka kuziba masikio, lakini niliyaacha wazi yote mawili, zima na bovu, nikasikiliza mpaka akafika mwisho wa tuta.